Mlima Ulioliwa

Nasimulia haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Mwaka ule watu walipofurika kuvuka daraja la Rusumo wakikimbia vita, nilimpokea msichana mmoja nyumbani kwetu Ntobeye. Jina lake Niyokwizera, ana mtoto mchanga mgongoni. Mimi mwenyewe nililetwa kutoka Burundi nikiwa nimebebwa hivyo hivyo, kwa hiyo sikumuuliza maswali mengi. Jioni moja tukaenda pamoja dukani kununua chumvi. Mvua ilikuwa imekatika, jua linazama, tope limejaa njia nzima.

Kwenye baraza la ghala la kahawa nikamwona mume wangu, Evaristi. Amechuchumaa, anacheza bao na mzee nisiyemjua.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

Nikatazama miguu yake. Siku zile kila mtu alikuwa na tope mpaka magotini. Yake ilikuwa mikavu... safi... kama ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga ardhi. Na pale palinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Baba Habonimana, twende nyumbani," nikamwambia mume wangu.

"Ngoja. Nashinda."

Evaristi alikuwa bingwa wa bao. Wazazi wetu waliliita ikibuguzo, mchezo wa wafalme. Lakini bao la mzee yule lilikuwa la namna yake. Kila shimo lilikuwa mlima, na kila mlima aliutaja kwa jina, akinong'ona, huku Evaristi akisambaza kete.

"Hapa alitawala mwami, mfalme wa kale. Akaanguka. Hapa wakaja Wajerumani. Wakaanguka. Wabelgiji... nao pia. Cheza, mwanangu. Safari hii ufalme ni wako."

Macho ya mume wangu yaling'aa. Mkulima wa muhogo, leo anaitwa mfalme.

Mzee akataja mlima mwingine.

Niyokwizera akanishika mkono. "Dada," akanong'ona, "huko ni kwetu."

Evaristi akala kete za shimo lile.

Niyokwizera akaanguka.

Hakupiga kelele. Aliporomoka tu, mtoto akilia mgongoni mwake. Nilipomshika alikuwa wa baridi, kama jiwe lililotolewa mtoni.

"Umemfanya nini?" nikamuuliza mzee.

"Mimi?" Alinitazama kwa upole. "Mimi sijaua mtu tangu nizaliwe, mama. Kazi yangu kupanga kete. Mkono ni wa wenyewe." Akageuka kwa Evaristi. "Limebaki moja. Ntobeye."

Mkono wa mume wangu ukaenda juu ya shimo lile.

"Watoto wetu wamo humo," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

Najua! Hakusema hajui. Hakusema ni mchezo tu. Alisema anajua, na vidole vyake vikaendelea kushuka.

Nikalipiga lile bao teke.

Kete zikatawanyika kwenye tope. Hazikulia kama mbegu. Zilitoa sauti ya watu wengi wakishusha pumzi... pamoja. Mzee hakukasirika. Aliinuka, akajipangusa, akapita katikati ya mibuni. Nyuma yake tope lilibaki laini, bila alama ya unyayo.

Niyokwizera akavuta pumzi. Alinitambua. Alimtambua mtoto wake. Alikumbuka jina la mama yake. Nikamuuliza mlima wao unaitwaje, akafumbua mdomo...

Hakuna kitu.

Na mimi, niliyelisikia jina lile muda mfupi uliopita, sikulikumbuka. Evaristi vilevile. Tulikwenda kuuliza kambini, kwa watu waliotoka upande wake. Walitaja milima yote, na hapo katikati wakanyamaza, kama wanaoruka shimo njiani.

Xavery, katekista wetu mzee, alisema bibi yake alimsimulia habari za mcheza bao wa ikulu, aliyebaki wafalme walipokwisha. Eti mchezaji huyo mwenyewe hawezi kula kete. Lazima apate mkono wa aliye hai. Lakini hata Xavery hakuwa na hakika.

Sasa wapo wanaosema, kumbe vita ile ilikuwa uchawi. Wasiniambie hivyo. Watu waliuawa na watu. Mzee yule alitafuta mkono tu, na hakupata shida kuupata. Aliupata hata nyumbani kwangu.

Wakimbizi waliporudishwa kwao, Niyokwizera alisimama kando ya lori. Akaulizwa anashuka wapi. Alilia mpaka lori likaondoka. Tunalima naye mpaka leo.

Evaristi hajawahi kumwomba radhi. Nikimkumbusha, hujibu kitu kimoja: "Nilikuwa nashinda."

Jana jioni nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa, amechimba vishimo ardhini. Alikuwa peke yake, anaongea kwa sauti ya chini. Kila mara alinyamaza na kuangalia mbele yake, kama mtu anayengoja mwenzake acheze.

Nikachukua jembe. Nikaenda kusimama pale alipokuwa anatazama.

Pale mahali palikuwa na baridi, pananuka majivu yaliyomwagiwa maji.