Akaunti ya Mke wa Kinyozi

Giza lilipoanza kuingia nilichukua begi langu la vifaa, nikaenda tena kwa rafiki yangu Kinyozi. Watu hawa wananichosha. Unawatoa kwenye makucha ya makampuni makubwa, unawawekea seva, kompyuta yao wenyewe ya kutunzia vitu vyao, ndani ya nyumba yao, programu huria, bure kabisa, picha zao zinalala kwao. Halafu taa yake ikibadilika rangi wanakuita kama mkunga. Shukrani ya punda ni mateke. Ya rafiki zangu ni simu wakati wa chakula.

Safari hii alikuwa na jipya.

"Mke wangu anatuma picha," alininong'oneza mlangoni.

Mkewe tulimzika mwezi uliopita.

Nilicheka. Ningefanya nini kingine?

Seva ilikuwa chumbani, juu ya kabati, ikivuma. Mama mkwe wa Kinyozi alikaa kitandani akiitazama tu. Chumba kilinuka udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Bati linavuja, nikajisemea. Mtu aliyeshindwa kuziba bati ataiweza seva?

Nikafungua akaunti ya marehemu. Picha mpya zilikuwepo kweli. Kinyozi anakula. Kinyozi amelala. Kinyozi analia, uso ameuficha kwenye mto... Zote zilipigwa kutoka juu ya kabati, na seva haina kamera.

"Simu yake iko wapi?"

"Hiyo hapo. Haijawaka tangu afe."

Kioo kilikuwa kimepasuka, betri imetolewa. Basi kuna mtu anaingia kwa neno lake la siri, nikamwambia. Rafiki zangu wote niliwapa neno la siri moja, maana kila mmoja akiwa na lake atalisahau kabla sijafika kwangu. Mhuni yeyote kati yao angeweza kuingia. Ni nani aliyepanda juu ya kabati, hilo sikutaka kuliwaza. Dawa ilikuwa moja: kuifuta akaunti.

Kinyozi akanishika mkono. "Na picha za harusi? Sina nyingine, ndugu yangu. Sina kitu kingine chake."

"Seva zenu zote zinatuma nakala kwangu. Nitakurudishia leo hii hii. Unadhani na mimi ni kinyozi?"

Mama mkwe akanong'ona, "Mwache, baba. Anataka mahali pa kukaa tu. Ukimtoa hapa... atakufuata."

"Mama, hii ni mashine."

Nikafuta.

Mvumo wa seva ukakatika. Kimya. Kisha... pumzi. Ndefu. Mtu alishusha pumzi karibu kabisa na sikio langu.

Kinyozi hakusikia kitu. Nilifunga begi, nikatoka bila kuaga, nikiulaani ujinga wao unaoambukiza.

Kwangu nakala zilikuwepo, zote. Nilifungua ya kwanza, kuhakikisha tu. Bibi harusi anacheka, ameshika mkono wa mwanamume.

Mkono wangu.

Nikafungua nyingine. Wanakata keki: mimi. Wanatoka mlangoni: mimi, ndani ya suti ya Kinyozi, imenibana mabegani. Harusi ile sikuhudhuria. Niliwaambia wazi kwamba sipotezi siku nzima kwa ajili ya keki.

Simu ikalia.

"Umezipata?" Kinyozi aliuliza.

Nilipekua hadi mwisho. Hakuwemo hata katika moja. Ningemtumia nini?

"Zimeharibika," nikasema. "Vitu vya bure, unajua tena."

Nilisikia anajaribu kulia bila sauti. Kisha akanishukuru kwa kuhangaika. Akanishukuru, mjinga yule! Nikamkatia simu.

Nilipogeukia skrini, bibi harusi alikuwa ameacha kuitazama kamera.

Alikuwa anamtazama mumewe: mimi.