Lango la Miiba

Mulwa ni mwalimu mwenzangu hapa Kitengela, na si mtu wa porojo. Mwaka wa 1998 alikuwa akienda Bisil, Umasaini, kila Jumamosi kupiga picha nyeusi na nyeupe za miti na nyika. Alisema zinamtuliza roho. Mkewe, Nthambi, hakuamini. Mwanamume gani anapotea kutwa nzima kwa sababu ya miti?

Jumamosi moja aliingia kwenye boma ambalo wenyewe walikuwa wamehama. Hapakuwa na hata mbuzi. Lango lilikuwa wazi, na nje yake aliona mgunga mmoja umetulia. Akasimama katikati ya boma, akaupiga picha.

Jioni alijifungia bafuni kusafisha picha chini ya taa nyekundu. Karatasi ilipozama kwenye dawa, akasikia kitu kikikwaruza sakafu nyuma yake, polepole, kama tawi linaloburutwa.

"Nthambi, ni wewe?"

"Mimi niko jikoni!"

Picha ikatokea. Mgunga haukuwepo. Lango lilikuwa limezibwa kwa tawi la miiba, vile Wamasai hufunga boma jioni: mtu hulivuta shina lake akiwa ndani.

Nthambi aliitazama sana. "Na ukaniambia uko peke yako."

"Nilikuwa peke yangu."

"Basi nani alifunga?"

Mulwa akaisogeza picha karibu na macho. Shina lilielekea ndani, pale aliposimama yeye, wala halikugusa chini. Lilikuwa limeinuliwa hewani, usawa wa kiuno cha mtu, na pichani hapakuwa na mtu aliyelishika.