Mguu wa Kukokota

Mambo haya yalimkuta rafiki yangu Falonne, na mpaka leo akiyasimulia anatazama chini.

Jioni moja alifuatana na wenzake wa kazini kujiunga na kikundi cha ngoma ya asili, katika ukumbi mmoja wa Mususa, Butembo. Mwalimu wao, Papa Kitsa, alimuuliza: "Mama, kwenu nani alikuwa anacheza?"

Falonne aliona haya kuonekana wa kijijini mbele ya wenzake, akajidai mtu wa mjini. "Hapana mutu, Papa. Siye ni batu ya ville."

Kumbe koko yake, bibi yake Godelive, aliyezikwa kijijini Kalunguta, ndiye aliyemfundisha kucheza, njuga miguuni, akikokota mguu wake mbovu wa kushoto.

Mara courant ya umeme ikakatika. Ngoma zikanyamaza, lakini gizani njuga zikaendelea: kishindo kimoja, kisha mguu unaokwaruza sakafu.

"Ni nani anacheza?" Papa Kitsa akauliza.

Falonne alimjua. Akajikunyata kitini kwa aibu.

Njuga zikakaribia, zikanyamaza.

Taa ziliporudi, hakuna aliyevaa njuga. Kwenye vumbi nyayo za mguu pekupeku, na mkwaruzo kando yake, zilizunguka ukumbi mzima mpaka nyuma ya kiti cha Falonne. Pale zikaishia, vidole vikielekea mgongo wake.