Viatu Vinavyolala Nje

"Hivi wewe Bi Exilda, viatu vyako vya theluji vimekukosea nini hata uvilaze nje kama mbwa?"

Ndivyo jirani yake Ozias alivyomwuliza baridi ilipoanza. Ozias aliendesha tramu, gari la reli la mitaani, jijini Montréal miaka thelathini, akastaafu, akaja huku Gaspésie kuzeekea. Vya kwake, maduara ya mti yaliyosukwa kamba za ngozi, ya kufunga chini ya miguu ili mtu asizame thelujini, alivilaza kando ya jiko, vipate joto kama mikate. Exilda alichomeka vyake wima thelujini, nje ya mlango, tangu enzi za marehemu mumewe.

"Utajua," alimjibu.

Akajua mwezi wa pili, juu kabisa ya mgongo wa mlima. Ng'ambo ya mlima, Rolande, binti wa Exilda, alikuwa amejifungua. Ubatizo ni kesho asubuhi, na baada ya misa padri angeondoka asirudi mpaka theluji iyeyuke. Mama wa ubatizo Exilda, baba wa ubatizo Ozias, maana Clovis, mume wa Rolande, alikuwa mpwa wake. Barabara ya bondeni ilikuwa imefukiwa, kwa hiyo walipanda mlima. Waliondoka na jua. Saa sita wingu likawashukia, upepo ukaanza kuwachapa.

Mara kamba za ngozi za kiatu cha kulia cha Ozias zikakatika zote kama tambi kavu, mwenyewe akazama hadi kiunoni.

"Bi Exilda."

"Nipo."

"Mguu wangu siuoni."

"Upo, usitikisike. Hapo kulia kwako hakuna mlima, ni theluji imening'inia hewani tu."

Alilala kifudifudi, akamnyooshea fimbo, akamvuta taratibu kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Kisha akakichunguza kiatu. Duara la mti lilikuwa zima, kamba zake zilikuwa makapi matupu, zimekaushwa na joto.

"Jiko," alisema.

"Jiko," Ozias alikubali, meno yakigongana.

Exilda akavunja matawi ya msonobari, akayasuka ndani ya duara. Ikabaki kuyafunga.

"Geuka huko."

"Nigeukie wapi? Kote kweupe."

"Basi fumba macho. Na Bwana anisamehe."

Mkono wake ukazama chini ya koti, ukachomoa kamba ndefu ya vazi la ndani la kubana kiuno. Akaifunga mafundo tisa.

"Kamba hii umeitoa..."

"Uliza, utembee peke yako."

Sasa hata ncha ya fimbo haikuonekana. Exilda alipapasa misonobari mifupi njiani. Upande mmoja wa kila mti ulikuwa umeota barafu kama manyoya ya kuku, na upande huo huelekea kaskazini-magharibi siku zote. Wakiuweka mkono wa kulia, wangeshukia kwa Rolande. Akatangulia, akisali Salamu Maria kwa sauti.

"Itikia, nisikupoteze."

"Sala nimezisahau, Bi Exilda."

"Taja hata vituo vya tramu yako."

Wakaenda hivyo, Salamu Maria moja, kituo kimoja. "Papineau," aliita Ozias. "Amherst. Saint-Denis." Alipofika Bleury sauti ikanyamaza. Exilda akarudi kinyumenyume mpaka akamgusa. Alikuwa ameketi, anatabasamu, anataka kulala.

"Mwisho wa safari," alinong'ona.

"Nani kasema? Abiria bado nimo." Akamtia kinywani kibonge cha sukari ya utomvu wa mti wa mepo, akampiga makofi mawili ya maana. "Endesha."

Akainuka, akaendesha. Alikuwa amerudia njia ile ya tramu mara nne, kwenda na kurudi, waliponusa moshi.

Kwa Rolande kulikuwa na maharage ya nyama ya nguruwe jikoni. Rolande na Clovis waliwasugua miguu mpaka ikauma, ndipo Ozias akapewa mtoto ampakate. Akamwonyesha Exilda kwa kidevu.

"Huyu mama yako wa ubatizo," akamwambia mtoto, "usimbishie."

Wakati huo Clovis aliingia na viatu vyote vinne, vimeganda, akavipanga vizuri kando ya jiko.

"Vikauke, mjomba."

Ozias akavitazama. Akamkabidhi Exilda mtoto, akavikusanya vyote kifuani, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka kwenda kuvichomeka thelujini.