Mkanda wa Abiria Kwenye Holden ya Kijani

"Mkanda haunitoshi, Merv."

"Vuta tu, mpenzi."

Noelene akavuta. Mkanda wa kiti cha abiria ukakomea kwenye nyonga. Nje, uwanja mzima wa kriketi wa Cootamundra, mji mdogo wa Australia, ulikuwa unapiga makofi: Holden ya kijani ya mumewe, ya mwaka sitini na mbili, ndiyo gari bora la maonyesho. Mshindi huzungusha gari uwanjani, mkewe akiwa kando yake. Jua la Januari lilikuwa linachoma bila huruma.

Yeye na Merv walikuwa wanaishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Asubuhi Noelene alijiambia, leo tukicheka pamoja hata mara moja, nabaki.

"Jua limeusinyaza," Merv akasema, akacheka peke yake.

Wenye magari ya zamani huwadanganyi hapo. Mikanda ile hairudi yenyewe kama ya magari ya siku hizi. Hukaa vilevile alivyoiacha aliyekaa mwisho. Na Merv alikuwa ameapa kwamba tangu walipotoka wote wawili Krismasi ya mwaka juzi, gari halijabeba abiria; hata leo Noelene alikuja kwa basi.

"Nani alikaa hapa?"

"Hakuna mtu."

"Basi huyo hakuna mtu ana kiuno chembamba."

Merv akajifuta jasho. Macho yakamtoroka, yakaenda hadi kwenye banda la soseji, kwa Denise, yule mwembamba wa klabu yao ya magari ya zamani. Noelene akayafuata.

"Denise?"

"Alinisaidia kujaribu breki. Mara moja tu!"

Simu ya Merv, pale juu ya dashibodi, ikalia. Wote wawili wakausoma ujumbe: "Hongera mpenzi. Leo mzungushe huyo, kesho zamu yangu."

Noelene akangoja hasira. Haikuja. Akangoja machozi, nayo hayakuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Zima gari," akasema taratibu. "Twende nyumbani tukaongee. Nitakusikiliza."

Kipaza sauti kikadakia: "Merv, mzee wa kazi, mbona unatuweka? Washa mambo!"

"Nimalize mzunguko kwanza, mpenzi. Watu wanatuangalia."

"Wanaangalia gari, Merv. Kama wewe."

Akashuka. Akafunga mlango polepole, kwa mazoea tu, maana Merv hapendi ubamizwe.

"Noelene! Panda bwana, usiniaibishe!"

Hakupanda. Merv akamtazama mkewe, akatazama usukani, akatia gia. Holden ikaondoka kwa madaha, kiti cha kando kikiwa kitupu, na watu wakashangilia vilevile.

Noelene akampigia dada yake.

"Lorraine, njoo unichukue. Nimeachwa."

"Eh! Kakuacha lini?"

"Sasa hivi. Bado namwona, anapungia watu mkono."