Darasa la Rohina

Jumamosi ile soko la ndani la Edmonton lilifurika hadi pomoni, makoti mazito yakisuguana, na Nilab alikuwa akigeuza bolani, mikate myembamba ya kwao yenye viazi ndani, kikaangoni pale mwanamume mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa alipojitia kinywani kipande kizima. Machozi yakamtoka.

"Inapozwa kwanza," Nilab alisema.

"Hukuniambia," akajibu kwa Kidari, lugha ya kwao Nilab.

"Basi wewe ni wa Kabul. Mna haraka nyie."

"Na wewe wa Herat. Unaniunguza, halafu unanilaumu."

Nilab akacheka, jambo ambalo Doreen, mwalimu mstaafu aliyeongoza kikundi chao cha kujitolea, hakuwa amewahi kuliona. Bango lao lilisema mapato yote ni kwa masomo ya wanawake na wasichana wa Afghanistan. Halikumtaja Rohina, dada mkubwa wa Nilab, aliyewafundisha wasichana hesabu kwa siri sebuleni mwake huko Herat tangu shule zao zilipofungwa.

Yama, ndivyo alivyoitwa yule wa kizibao, alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Akawa mbeba meza wa kikundi. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kukwangua theluji barabarani, na humo ndimo alimompigia Nilab simu alfajiri.

"Niko mtaani kwenu. Chungulia dirishani."

"Sichungulii. Majirani wataniona."

"Majirani zako ni Wakanada, jan wangu, mpenzi wangu. Hawana habari nawe."

Akachungulia. Taa za gari zikampepesea, naye akashuka kupika chai akitabasamu peke yake.

Walipoandaa karamu ya kuchangisha, Nilab alimkabidhi Yama video fupi ya darasa la dada yake. "Ficha nyuso zote," alimwambia. Akazificha. Siku hiyo Nilab alivaa gauni la mahameli la buluu, Yama suti iliyompwaya mabegani. Sauti ya Rohina ilipojaa ukumbini, ikiwaelekeza wasichana namna ya kugawanya, wageni walilia na kutoa.

Mwezi haukuisha. Mama yake Nilab akapiga simu kutoka Herat: wamekuja wanaume wenye bunduki, Rohina amechukuliwa.

"Ile video ulimpa nani?" Nilab alimuuliza Yama kwenye simu.

"Sikumpa mtu. Niliionyesha pale ukumbini tu."

"Sauti yake hukuificha."

"Hukusema..." akaanza, akaacha.

"Sikusema. Nilidhani una akili."

Akakata simu. Yama alipokuja sokoni, Nilab alimpa kisogo mpaka akaondoka. Hakurudi. Baridi ilikuwa ndefu mwaka ule. Nilab alikaanga na kufunga vyakula vya wateja kama mtu anayeosha maiti. Doreen alikuwa akimshika bega.

Theluji ilianza kuyeyuka ndipo Rohina akaachiwa, baada ya baba yao na wazee wa msikiti kumdhamini kwamba hatafundisha tena maishani. Sauti yake kwenye simu ilikuwa imekwaruka.

"Walikupiga?" Nilab aliuliza.

"Hilo usiniulize."

"Ni ile video, dada. Mimi ndiye niliyeitoa. Nisamehe."

"Video gani? Ni viatu, Nilab. Wasichana walisahau kuviingiza ndani. Jirani akaona viatu vingi kuliko watu wa nyumba, akaenda kusema."

"Na wasichana?"

"Wawili wameozwa. Mmoja ana miaka kumi na minne. Wengine baba zao hawataki hata kunisalimu."

Nilab alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya manispaa. Yama alikuwa akiosha gari lake, mashavu yamebonyea.

"Haikuwa video," Nilab akamwambia. "Jirani alimchongea."

Yama akaketi kwenye ngazi ya gari, akafunika uso kwa mikono iliyolowa.

"Mbona hukujitetea?"

"Kwa lipi? Mimi mwenyewe niliamini. Kila nikiwasha gari nilikuwa naisikia sauti ya dada yako."

"Nilikuonea, Yama jan."

"Ulitafuta wa kumtupia jiwe. Mimi nilikuwa karibu."

Nilab akaketi kando yake. Walikaa hivyo, maji ya bomba yakiendelea kutiririka.

Kiangazi kilipoingia, Yama akamposa.

"Dada yangu amefungiwa nyumbani, mimi nijipambe?" Nilab alisema.

"Muulize yeye mwenyewe."

Akampigia. Rohina akauliza, "Bwana huyo anafanya kazi gani?"

"Anakwangua theluji."

"Kazi ya halali. Muziki mtaweka?"

"Hapana. Kwa heshima yako."

"Heshima gani hiyo? Huku hata harusini wameupiga marufuku. Weka, Nilab. Na simu yako uiache karibu na spika."

Wakaoana katika ukumbi mdogo, Doreen akiwa mstari wa mbele. Wapiga muziki walipoanza, Nilab alisogeza kiti mbele ya spika, akampigia Rohina, akalaza simu kitini. Alijua kwamba kule Herat Rohina amejifunika blanketi gubigubi, nyaya za simu masikioni, asije jirani akasikia.

Nyimbo kadhaa zilipita. Hofu ikamshika Nilab kwamba simu imekatika. Akainua pindo la gauni, akakimbilia simu.

"Dada, uko? Unasikia?"

"Nasikia," Rohina alinong'ona. Alikuwa analia. "Usizungumze. Wacha wapige."