Hakutoka Nao Nyumbani

Koplo alikuwa fundi makochi. Siku nzima alikuwa na misumari midogo mdomoni. Anatoa mmoja, anapigilia, anatoa mwingine. Mafundi wenzake wa mtaa ule walitumia mashine ya pini inayoendeshwa kwa upepo wa kampresa. Ilipiga pa! pa! pa! na kazi yao ilikwenda haraka. Koplo hakutaka hata kuiona. Watu wakimuuliza sababu, alionyesha misumari mdomoni, maana yake hawezi kujibu. Ni njia nzuri ya kukwepa maswali, na aliitumia sana.

Mkewe alishona vitambaa vya makochi kwenye cherehani karibu na mlango. Mama yake mzazi alikaa kwenye kigoda, akijaza sponji kwenye mito. Kibanda cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba yao. Ugomvi wa nyumbani ulisikika kazini, na ugomvi wa kazini ulisikika nyumbani.

Jina la Koplo alilipata jeshini, alikokuwa dereva wa lori. Siku moja lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa ardhini. Yeye alitoka bila hata mchubuko. Mwenzake aliyekaa pembeni hakutoka. Tangu siku hiyo Koplo alikosa usingizi. Alikataa kushika usukani. Aligombana na wakubwa zake. Wakampeleka kwa daktari wa kikosi, na baadaye wakamwachisha jeshi. Karatasi yake ilisema ana "kasoro ya haiba". Hakujua maana yake, na hakuuliza.

Asubuhi moja mteja alileta mbao. Zikaanguka chini kwa kishindo. Koplo alijikuta amelala chini ya kochi. Alipotoka, alimfokea mteja maneno yasiyoandikika. Mteja alikusanya mbao zake, akaenda kwa fundi mwingine.

Mkewe alisimamisha cherehani.

"Baba Watoto, mimi nimechoka," alisema. "Watoto wananyata ndani ya nyumba yao wenyewe kama wezi. Nenda hospitali."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Si nimesema nitakwenda?"

"Mwaka jana pia ulisema."

Basi akaenda kwenye hospitali inayotibu askari walioumia kazini. Mama yake alimsindikiza, maana alimjua mwanawe. Angeweza kuzunguka jengo na kurudi nyumbani akisema ametibiwa.

Karani wa mapokezi alisoma ile karatasi.

"Wewe hutibiwi hapa," alisema. "Sisi tunatibu waliougua kwa sababu ya kazi. Kasoro ya haiba ni jinsi mtu alivyo tangu ujana wake. Hukuipata jeshini. Ulikuja nayo kutoka nyumbani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa ya basi kuondoka. Lakini mama alisikia. Walipofika nyumbani, alikaa kwenye kigoda chake bila kugusa mto wowote.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema mwishowe. "Kumbe mimi ndiye niliyekuharibu."

"Mama, hawakusema hivyo."

"Wamesema nyumbani. Nyumbani kwa nani?"

Koplo alikuwa amevumilia kuachishwa kazi, na amevumilia kukosa matibabu. Hili la mama yake lilimshinda.

Siku ile ile jirani yao alikuja kuchukua kiti chake kilichobadilishwa kitambaa. Alikuwa msaidizi wa kisheria, mtu anayewaongoza wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mtaani walimwita Mama Sheria. Yeye alimwita Koplo shemeji, kwa kuwa alikuwa rafiki wa mkewe, na kwa kuwa alipenda kumtania. Alizikuta nyuso zimenuna, akauliza kulikoni. Akaelezwa. Akaomba kuiona karatasi.

"Shemeji, kabla ya jeshi uliwahi kufukuzwa shule?" aliuliza.

"Sijawahi."

"Uliwahi kupigana na watu? Kushindwa kuishi na wenzako?"

Mama alidakia. "Huyu? Huyu ndiye aliyemuuguza babu yake mpaka siku ya mwisho. Walimu walimtuma kupatanisha wenzake!"

"Basi sikilizeni. Kasoro ya haiba haizuki ukubwani kama jipu. Huonekana mapema, katika ujana, na huonekana kila mahali. Mtu aliyekuwa sawa, akapatwa na jambo la kutisha, kisha akabadilika, anaweza kuwa na ugonjwa mwingine. Unaitwa kiwewe. Dalili zake nyingine hufanana na ukaidi. Mtu ana hasira, hataki kuguswa, hasikii la mtu. Mimi si daktari, siwezi kusema unaumwa nini. Ninachojua ni kwamba maneno ya daktari mmoja yanaweza kupingwa."

"Kupinga jeshi?" Koplo alicheka bila furaha. "Tembo huyo."

"Hupigani nalo. Unaomba liangalie upya. Ipo bodi ya rufaa kwa kazi hiyo. Kwanza tunaandika barua kuomba nakala ya faili lako la matibabu. Ni haki yako. Kisha unaonana na daktari bingwa wa akili asiye wa jeshi. Kisha tunatafuta watu waliokujua kabla ya mlipuko na baada yake. Ila rufaa ina muda wake, na muda ukipita mlango hufungwa. Umekaa nayo sana hiyo karatasi, ila bado tunawahi."

Faili lilipofika, walisoma maelezo ya daktari wa kikosi. Yalikuwa mafupi. "Askari ni mkaidi. Anajibu kwa mkato. Anasema hana tatizo." Kuhusu bomu hapakuwa na hata neno moja.

"Hukumwambia?" mkewe aliuliza.

"Hakuniuliza."

"Naye angejuaje?"

Koplo aliweka msumari mdomoni.

Siku ya kuonana na daktari bingwa ilipofika, Koplo alipiga pasi suruali yake mpaka mstari ukasimama wima. Aling'arisha viatu. Alinyoa. Alikataa kusindikizwa. Aliona jambo liko wazi: wamesema akili yake ina kasoro, basi atawaonyesha haina hata chembe.

Daktari alikuwa mwanamke mpole asiye na haraka. Alimuuliza kuhusu usingizi.

"Nalala vizuri, daktari."

"Ndoto mbaya?"

"Hakuna."

"Hasira? Kushtuka?"

"Hakuna tatizo, daktari."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Kama huna tatizo," alisema, "mimi nitaandika nini?"

Koplo aliporudi na habari hiyo, Mama Sheria alishika kiuno.

"Shemeji, ulikwenda kwa daktari au kwenye gwaride?"

"Ulitaka niseme mimi kichaa?"

"Nilitaka useme kweli! Hivi ndivyo ulivyomjibu na yule wa kwanza. Ukamnyima habari, akaandika alichokiona. Na huyu naye unamnyima."

"Wewe hujui jeshi," Koplo alisema, na sauti yake ilianza kupanda. "Kule ukisema unaumwa, wewe ni mtegaji, unakwepa kazi. Ukisema huna usingizi, wanakucheka. Unajibu 'hakuna tatizo' hata kama damu inakutoka. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Nimekuelewa. Lakini rufaa hii haishindi mtu kwa kujifanya mzima. Hubishani kwamba huumwi. Unabishana kuhusu ugonjwa ni upi, na ulikupata wapi."

Koplo akaona kwamba muda wote alikuwa akipigania jambo lisilotakiwa: kuonyesha kwamba yeye ni mzima.

Mama yake alisema kutoka kwenye kigoda chake, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwanangu, mimi nimeambiwa nilizaa mtoto mbovu. Utaniacha nife na neno hilo kwa sababu wewe unaona haya kusema huna usingizi?"

Mara ya pili walikwenda watatu. Mama alieleza utoto wa mwanawe, akaanzia mbali sana, tangu meno ya kwanza, na daktari alimwacha aseme. Mke alieleza yaliyotokea ndani ya nyumba. Mumewe hulala sakafuni karibu na mlango. Hufoka, kisha hujuta. Watoto humpenda na humwogopa. Alisema hayo akiangalia ukuta, maana kumsema mume wako mbele yake si kazi ndogo.

Kisha daktari akamgeukia Koplo na kungoja.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," Koplo alisema. "Siku ile haikuwa zamu ya mwenzangu. Nilimwomba anisindikize, nisipate usingizi njiani. Kila siku namwona pale pembeni. Naogopa hata sauti ya pini. Naogopa, daktari."

Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Alimshika mkono, naye hakuutoa.

Daktari aliandika taarifa ndefu. Alieleza dalili, zilianza lini, na kwa nini zilionyesha kiwewe kilichotokana na mlipuko, si kasoro ya haiba. Mwalimu wa zamani wa Koplo alitoa maelezo. Aliyebaki ni mtu aliyemjua jeshini, na hapo Koplo aligoma kidogo, maana mtu mwenyewe alikuwa sajini aliyegombana naye vibaya. Mama Sheria akampigia simu yeye mwenyewe.

"Nilikuwa nasubiri simu hii," sajini alisema. "Alikuwa dereva wangu mtulivu kuliko wote. Baada ya bomu alirudi mtu mwingine. Tukamwadhibu badala ya kumtibu. Nitaandika."

Kwenye bodi walikaa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani. Alifunua taarifa zote mbili, ya daktari wa kikosi na ya daktari bingwa.

"Unasema daktari wetu alikosea," alisema. "Yaani unadai huna ugonjwa wowote wa akili?"

Koplo alisimama wima, visigino pamoja. Majibu ya zamani yalikuwa tayari kwenye ulimi wake.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Ugonjwa ninao. Unanitesa, na unawatesa watu wangu. Ila nilipoingia jeshini sikuwa nao. Naomba hilo liandikwe, na naomba nitibiwe."

Mwenyekiti alivua miwani, akauliza maswali kuhusu siku ya bomu. Safari hii yalijibiwa yote.

Uamuzi ulichelewa, maana serikali haina haraka. Ulipofika, mke aliusoma kibandani kwa sauti. Bodi ilifuta kasoro ya haiba. Iliandika kwamba Koplo aliingia jeshini akiwa na akili timamu, na kwamba kiwewe alikipata kazini. Alikuwa na haki ya kutibiwa.

"Rudia hapo," mama alisema. "Alipoingia."

Mke alirudia. Mama alifunika uso, akalia kwa sauti bila kujizuia. Koplo alipiga magoti mbele ya kigoda na kumkumbatia.

Matibabu yalianza. Koplo hupewa dawa, na kila wiki huketi na askari wengine wakizungumza, mshauri akiwaongoza. Hajapona kabisa. Lakini analala kitandani, na watoto wanakimbia ndani ya nyumba mpaka mama yao anawagombeza.

Juzi mama yake Koplo alikuwa bombani akikinga maji. Mwanamke mmoja alimsogelea na kunong'ona.

"Mama, nasikia mwanao huenda hospitali kila wiki. Anaumwa nini?"

"Anaumwa akili," alijibu kwa sauti yake ya kawaida. "Aliumia kazini. Anatibiwa."

"Sasa mama, mambo hayo si husemwa polepole?"

"Kwa nini?" aliuliza. "Angevunjika mguu, ningenong'ona?"